Honi ya Mita Tisini

Tamsin Noske alianza kuiogopa miguu yake mwenyewe Jumamosi ya fainali, mwezi wa Septemba, akiwa na miaka kumi na minane na afya ya farasi. Alikuwa akimfukuza namba kumi na nne wa timu ya Dunkerry, binti aliyekumbatia mpira wa yai akielekea zile nguzo nne za goli, na Tamsin alikuwa ameshamkaribia kiasi cha kunusa shampuu yake. Pembeni ya uwanja, ambako magari huegeshwa pua zote zikitazama mchezo, mtu akapiga honi. Mara mbili, fupi fupi. Miguu ya Tamsin ikapunguza mwendo.

Hakuiambia ipunguze. Ilipunguza yenyewe, kwa adabu, kama mbwa aliyeambiwa kaa. Namba kumi na nne akafunga goli, Kurrabeel, timu ya kwao, ikakosa kombe kwa pointi nne, na watu wakampigapiga Tamsin mgongoni wakisema pole, ulikuwa umechoka. Akaitikia kwa kichwa. Hakuwa amechoka hata kidogo, na hilo ndilo lililomfanya aende nyuma ya choo cha wanawake akatapike.

Mtu aliyesikia habari zake angedhani binti huyu hajui hofu ni mnyama gani. Alipokuwa na miaka tisa alikimbizana na mvua ya mawe kutoka ghalani hadi nyumbani. Mbwa aliyekuwa hatua moja nyuma yake alifika amelowa chapachapa, yeye mkavu, na kila mtu Kurrabeel anaijua habari hiyo, hata wale waliozaliwa baadaye. Kwenye kriketi alipiga mpira ukavuka uzio, ukavuka reli, ukarudi keshokutwa yake mikononi mwa mwenye posta. Kwenye netiboli alikuwa nahodha. Kwenye kuruka juu shuleni, aliruka mpaka walimu wakakosa mahali pa kuupandishia ufito. Kila mchezo ulimtaka, kama vile watoto wengi wanavyomgombea mama mmoja, lakini yeye moyo wake ulikuwa kwenye mpira wa yai. Mwaka huo jina lake lilikuwa miongoni mwa yale yanayoweza kuitwa mwezi wa Desemba, siku ambayo vilabu vikubwa vya mjini huchagua wasichana wao, mmoja mmoja, kwa zamu. Ukiitwa, umeitwa. Usipoitwa, unarudi kufungasha sufu ya kondoo.

Sasa, miguu ile ilijifunzia wapi adabu?

Ilijifunzia kwa babu yake. Mzee Alwyn Noske alikuwa kocha wa mbio za mita mia moja na ishirini, zile za kwenye nyasi, ambazo koo kadhaa za sehemu hizo hurithishana kama mashamba. Katika mbio hizo watu hawaanzi mstari mmoja. Mwenye kasi hubaki nyuma kabisa, mzito husogezwa mbele mita kadhaa, ili kwenye utepe wafike pua kwa pua. Kwa hiyo kocha mjanja akipata mtoto mwenye kasi, humficha. Humfanya akimbie vibaya mwaka mzima, miaka miwili, mitatu, apewe mita nyingi, mpaka yafike mashindano makubwa ya Pasaka. Hapo ndipo humfungulia. Wenyewe huita hila hiyo kukimbia maiti. Wakubwa wa mbio wakikukamata wanakufungia, na kila mtu hufanya, na hakuna aliyewahi kufanya.

Mzee Alwyn mwenyewe alishindwa fainali ya Pasaka alipokuwa kijana. Alishindwa kwa pua, na alisema kwa miaka arobaini kwamba ni kwa sababu pua ya yule mwingine ilikuwa kubwa isivyo halali. Alimtaka mjukuu amrudishie ile siku. Kwanza alimtia chubwi za kuvulia samaki ndani ya viatu, lakini Tamsin aliacha nyayo za ng'ombe kwenye nyasi na watu wakaanza kuuliza. Basi akabuni honi. Alikaa ndani ya pikapu yake kando ya njia, na Tamsin alipofika mita tisini, yeye akabonyeza mara mbili, fupi fupi. Maana yake: mjukuu wangu, umeshaonekana vya kutosha, waachie wengine. Nani angeshuku honi? Kurrabeel watu hupiga honi kwa goli, kwa harusi, kwa mvua, na kwa kumwambia mke chai imechelewa.

Alimfundisha hivyo tangu akiwa na miaka kumi na mitano. Siku nzuri na siku mbaya, baridi na joto. Mzee alikuwa mwalimu mzuri kuliko alivyojua.

Baada ya ile fainali Tamsin hakumwambia mtu. Alilala na mto juu ya kichwa, kwa sababu barabarani malori ya ngano yalikuwa yameanza kupita. Dukani aliposikia honi ya mtu anayemsalimia mwenzake, miguu iligoma, akashika rafu ya mikate. Alijaribu peke yake, shambani, kukimbia huku akijipigia honi kwa mdomo, miguu ikamcheka. Haikutii mdomo wake. Ilitii honi ya kweli tu.

Halafu wiki mbili kabla ya siku ya kuitwa majina, simu ikalia. Alikuwa Denise Farrugia, msaka vipaji wa klabu moja ya mjini, mwanamke aliyesifika kwa kutocheka. Alisema atakuja Alhamisi kunywa chai. Katika kazi hiyo hakuna anayeendesha gari saa nne kwa ajili ya chai.

Alhamisi ilikuwa katikati ya mavuno. Mama yake Tamsin, Leanne, alikuwa juu ya kombaini tangu alfajiri, na joto lilikuwa la kukaangia yai juu ya boneti, ukitaka na nyama yake pembeni. Jikoni Mzee Alwyn alikuwa amevaa shati lake la mazishi. Alitoa skonzi, jemu ya aprikoti, na krimu iliyokuwa ikiyeyuka kabla haijafika mezani.

"Karibu, mwanangu, karibu," alimwambia Denise. "Hizi skonzi nimezipika mwenyewe. Mke wangu aliniachia siri yake kabla hajafa."

"Amezinunua kwa kina mama wa kanisani," Tamsin alisema.

"We mtoto, nani kakuuliza?"

Denise alikula skonzi moja yote kimya kimya. Halafu akatoa daftari dogo, limefungwa mpira wa kubania pesa, akalifungua mahali palipokunjwa.

"Januari nilikuwa hapa," alisema. "Siku ya michezo. Nilikuja kumwangalia msichana mwingine, nikakuona wewe. Mita themanini za kwanza nilifikiri saa yangu imeharibika. Mita tisini ukatulia, kama mtu aliyefika nyumbani akakumbuka hana ufunguo. Ukawa wa nne."

Tamsin alitazama meza.

"Ah, ile siku," Mzee Alwyn alidakia. "Ile siku alidonolewa. Unawajua wale ndege wetu, weusi na weupe? Mmoja alimshukia kichwani hapa. Mtoto angefanya nini? Mimi mwenyewe mwaka mmoja ndege kama huyo alinibeba kofia mpaka nikaikuta wilaya ya pili."

"Ndege hao hudonoa Septemba, wakiwa na makinda," Denise alisema. "Januari makinda wameshahama."

"Huyu alichelewa kuoa."

Denise hakucheka. Alifunua ukurasa mwingine. "Septemba nilikuja tena. Fainali. Namba kumi na nne ulikuwa naye mkononi. Ukaachia. Vilevile. Nataka kujua kwa nini, Tamsin. Mwendo unao, mikono unayo. Nikimwambia kocha wangu akuchague, ataniuliza swali moja tu: huyu akimfukuza mtu, humalizia?"

Nje, mbali, kombaini ilikuwa ikinguruma ikija na kwenda. Tamsin alifikiria yote kwa mara moja. Akisema ukweli, babu yake atapoteza ukocha, yeye atafungiwa mbio, na mwanamke huyu atamjua kuwa ni tapeli. Tena tapeli mbovu, maana huo utapeli umeota mizizi mwilini. Asiposema, atakuwa mvivu tu.

"Nilichoka," alisema.

"Aliyechoka huanza kuchoka mapema," Denise alisema. "Wewe hukuchoka." Nzi alitembea ukingoni mwa kikombe chake, akazunguka chote, akaanza tena. Kisha Denise akarudisha ule mpira kwenye daftari, akasukuma kiti nyuma. "Asante kwa skonzi, Mzee Noske. Waambie kina mama wa kanisani wanajua kazi."

Alishafika mlangoni. Alishashika kitasa. Tamsin aliona mgongo ule ukiondoka na Desemba yake yote, akajikuta amesimama, na sauti iliyotoka haikuwa kama yake.

"Ni honi."

"Ni nini?"

"Honi ya gari. Nikisikia honi, miguu inapunguza. Babu alinifundisha ili nipewe mita nyingi Pasaka. Sasa siwezi kuizuia. Nimejaribu."

Mzee Alwyn aliweka kikombe chini polepole.

Denise alimtazama Tamsin, akamtazama babu, akamtazama tena Tamsin. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja," alisema. "Nimeambiwa ni tezi, ni mapenzi, ni mizimu ya nyumba ya bibi. Honi sijawahi. Nionyeshe."

Walitoka. Kando ya uzio kulikuwa na njia iliyonyooka, kutoka banda la mabati hadi geti la shamba la magharibi, mita mia moja na ishirini alizozipima Mzee Alwyn mwenyewe kwa kamba. Na karibu na tangi la maji, pale penye mita tisini, lilikuwa limeegeshwa lori, pua ikitazama banda, likisubiri kombaini ije kumimina ngano. Dirishani, kiwiko nje, alikaa dereva. Alikuwa Bevan Krelle.

Hapo ndipo Mzee Alwyn alipomvuta mjukuu wake mkono. Bevan Krelle alimwendeshea lori kila mavuno, lakini msimu wa mbio alikuwa ndiye mgawa mita wa wilaya nzima, yule anayekaa na vitabu vyake na kuamua nani aanzie wapi. Kurrabeel watu ni wachache. Kila mmoja ana kofia tatu.

"Bevan yuko pale," Mzee Alwyn alinong'ona.

"Namwona, Babu."

"Akikuona ukikimbia kweli, Pasaka imekwisha. Miaka mitatu, Tam. Kimbia robo tatu tu. Huyu wa mjini hatajua."

"Atajua."

"Basi nusu na robo."

"Hiyo ni robo tatu, Babu."

Mzee alifuta uso kwa kofia. Denise alikuwa ameshamwendea Bevan dirishani, akimwomba kiti chake kwa muda, na Bevan aliteremka akijinyoosha, mwenye hamu ya kuona. Saa yake ya kupimia mbio ilikuwa shingoni. Aliivaa hata kanisani.

"Wewe ndiye uliyeifunga miguu yake," Denise alimwambia Mzee Alwyn. "Ingia wewe. Akifika kwenye tangi, bonyeza kama ulivyozoea. Na wewe, Tamsin, usisimame."

"Sijui kama nitaweza."

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana nimeacha chai."

Tamsin alivaa viatu vyake vya misumari na kwenda mwisho wa njia. Alifunga kamba ya kiatu cha kushoto, akaifungua, akaifunga mara ya pili, ya tatu. Hakuogopa Bevan tena, wala hasira ya babu. Kulikuwa na jambo jingine lililomjia pale chini, akiwa amepiga goti. Miaka mitatu, kila aliposhindwa, alijua angeweza kushinda. Ile honi ilikuwa kisingizio chake. Akiipuuza leo na bado akawa mzito, basi hapatakuwa na chochote nyuma yake cha kujifichia.

Aliondoka. Vumbi lilipasuka nyuma yake. Mita thelathini, hamsini, na mwili wote ukisikiliza, ngozi ya mgongo ikisubiri kama ya mtoto anayejua kofi linakuja. Sabini. Themanini. Tangi likaja, likapita, na hakukuwa na sauti. Alipita geti kwa kasi ambayo Bevan Krelle alisimulia baadaye kuwa ilimzimia sigara, ilhali Bevan aliacha kuvuta zamani.

Alirudi akitembea, mikono kiunoni, akasimama chini ya dirisha la lori. Bevan alikuwa akiitikisa saa yake na kuiweka sikioni.

"Hujapiga, Babu."

Mzee Alwyn alikuwa ameweka mkono juu ya usukani. Macho yalikuwa mekundu. "Imegoma," alisema. "Hili lori la zamani."

"Haijagoma," Bevan alisema. "Niliitengeneza juzi."

"Nilifikiri..." Mzee alisema, akaacha. Kisha akasema taratibu, "Nilifikiri huyu wa mjini akishaona ulivyo, inatosha."

Tamsin alijua kwamba angeweza kunyamaza. Bevan alishaona, mita za Pasaka zilishapotea, na yule mwanamke alishapata mwendo wa kuandika. Lakini usiku wa mto juu ya kichwa aliukumbuka, na rafu ya mikate.

"Nitarudia," alisema. "Na safari hii piga, Babu. Usinihurumie."

"Tam."

"Piga."

Mara ya pili miguu ilikuwa mizito tangu mwanzo, na pumzi ilikuwa haijarudi. Akaliona tangi. Akaiona ile kofia ya babu yake ndani ya kioo. Akasikia: pi, pi.

Ikawa kama mtu amemshika kiuno kwa nyuma. Magoti yalishuka, kisigino kikagusa chini kabla ya vidole, kifua kikanyooka. Mwili wote ulijua kazi yake. Hatua moja fupi. Hatua ya pili fupi zaidi. Alisikia sauti ikimtoka, mlio mdogo kama wa mwanakondoo, akaona haya kuwa watu wameusikia.

Mzee Alwyn aliuona mwili ule ukitii. Alikuwa hajawahi kuutazama akiwa mbele yake. Siku zote alikuwa pembeni, akihesabu mita. Sasa aliona uso wake. Akabonyeza tena, na hakuachia. Alilalia honi kwa mkono wote, kwa kifua, na honi ikalia ndefu, bila kukatika, mpaka kasuku wote wa wilaya wakaruka kwenye miti na Leanne kule kombaini akazima injini akidhani shamba linaungua.

Miguu haikuwahi kufundishwa honi isiyoisha. Ilisubiri ikatike, haikukatika. Tamsin, katikati ya kelele ile, akasukuma goti moja mbele kwa nguvu ya kuogopa tu, kisha la pili. Zilikuwa mbio mbaya kuliko zote alizowahi kukimbia: mikono ikipepea, kichwa upande, mate yakimtoka. Alipita geti akiwa bado anaongeza, akaingia kwenye mabua yaliyovunwa, akaanguka, akachanika goti, akalala pale akilia kwa sauti, asijue ni kwa nini hasa.

Denise alimfikia wa kwanza. Alisimama kumkinga jua. Aliandika kitu, kifupi sana, akafunga daftari.

"Umepunguza hatua mbili," alisema.

"Najua."

"Halafu ukaongeza." Alimpa kitambaa cha kufutia goti. "Siahidi kitu. Sisi ndio wa kumi na tatu kuchagua, na wengine nao wana madaftari." Akaenda kwenye gari lake, na huo ndio ukawa mwisho wa ile chai.

Kwenye lori mambo hayakwisha haraka hivyo. Bevan Krelle alikuwa amemwegemea Mzee Alwyn dirishani.

"Alwyn, miaka mitatu umeniambia huyu mtoto ana mapafu mabovu."

"Yamepona."

"Lini?"

"Sasa hivi. Umeona mwenyewe."

Bevan alivuta pumzi puani. "Nitaandika nilichokiona. Pasaka ataanzia sifuri, nyuma ya kila mtu. Mliyosema jikoni sikuyasikia, nilikuwa nje na ngano. Lakini kadi yako ya ukocha usije kuihuisha kwangu mwaka huu. Sema umezeeka."

"Sijazeeka."

"Umezeeka leo saa tisa alasiri," Bevan alisema. "Teremka, kombaini inakuja."

Siku ya kuitwa majina walikaa kwenye jengo la klabu, wote, na soseji na mikate. Majina kumi na mawili yalipita. La kumi na tatu halikuwa lake. Tamsin alikaa juu ya mikono yake ili isionekane. Ishirini na tano. Thelathini. Zamu ya klabu ya Denise ilipozunguka tena, mtu kwenye runinga alilisoma jina Noske kama anayetema mbegu, na ukumbi wote ukamrukia. Mama yake alilia, wachezaji wenzake walimmwagia soda ya limau. Yeye alikuwa akifikiria jambo moja: kwamba mjini kuna uwanja wa watu elfu thelathini, na huko atafukuzana na wasichana ambao kila mmoja alikimbizana na mvua ya mawe kwao.

Na Pasaka alikwenda. Mzee Alwyn alikaa upande wa watazamaji, bila kadi, amevaa tena lile shati la mazishi.

"Kutoka sifuri hakuna anayeshinda," alimwambia akimchua misuli kwa siri nyuma ya pikapu.

"Najua, Babu."

"Sasa utakimbiaje?"

"Yote."

Mzee alimkazia kidole kwenye shavu la mguu. "Unatetemeka."

"Tangu asubuhi," Tamsin alisema. Akainuka, akaenda mstarini peke yake, nyuma kabisa, huku wengine kumi na moja wakiwa wamemgeuzia migongo mbele kule. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukimbia bila kujua atakuwa wa ngapi. Akapiga goti, akaweka vidole kwenye chokaa, akasubiri mlio wa bunduki.